Kichupa cha mate, ripoti ya baipola na saa moja na mshauri wa jeni: kipi kilistahili pesa yangu

Kama una ndugu wa damu mwenye baipola, ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kisha kumwangusha, na umeona yale matangazo ya "jua hatari yako kwa mate tu", nisikilize kabla hujatoa kadi ya benki. Mimi nimeitoa. Mwaka 2025 nimelipia vitu vitatu: kichupa cha kupima DNA kinacholetwa kwa posta, ripoti ya hatari ya baipola kutoka tovuti nyingine, na kikao cha saa moja na mshauri wa jeni, yaani mtaalamu wa kueleza magonjwa ya kurithi. Kampuni zenyewe sizitaji. Nimesoma ripoti za wenzangu wawili walionunua kwingine, na yaliyonipata mimi yamewapata na wao.

Nimezaliwa Majengo, Mombasa, na sasa naishi Minneapolis, Marekani, ambako kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nina miaka 36 na binti wa miaka 9. Kakangu, ndugu yangu toka nitoke, ana baipola. Ilimwanza akiwa na miaka 21. Alikuwa akilala saa moja au mbili kwa usiku na hachoki. Alikopa pesa akanunua pikipiki mbili kwa siku moja, akasimama pale Feri ya Likoni akahutubia watu kwamba bahari inamwita kwa jina. Mwezi uliofuata akaanguka upande wa pili: miezi mitatu hakutoka chumbani, hata kuoga alibembelezwa kama mtoto. Tulimnywesha kombe, tukamsomea, tukampeleka kwa mganga Kaloleni, na miaka minne ikapita kabla ya daktari kulitaja neno baipola mbele yetu.

Sasa mume wangu na mimi tulikuwa tukizungumzia mtoto wa pili. Swali langu lilikuwa moja tu: je, kitu hiki kimo ndani yangu, na nitampa mtoto? Jibu la swali hilo ndilo nililokwenda kulinunua.

Nianze na kichupa. Dola 99 pamoja na posta. Kilifika wiki ya kwanza ya Ramadhani, mwezi Machi, theluji bado imerundikana mlangoni. Ndani ya kisanduku mna kichupa cha plastiki chenye mdomo mpana na mstari wa kuonyesha mate yafike wapi, kifuniko chenye maji ya buluu, na bahasha iliyokwisha kulipiwa. Maelezo yanakataza kula, kunywa, kuvuta sigara au kutafuna chochote kwa nusu saa kabla ya kutema. Mfungaji hilo analo tayari, lakini mfungaji hana mate. Nilijaribu saa kumi jioni nikapata povu tupu, na povu halihesabiwi. Baada ya tarawehe nikanywa maji, nikasubiri nusu saa yangu, nikayasugua mashavu kwa nje, na kichupa kikajaa kwa dakika saba. Ukikaza kifuniko, yale maji ya buluu yanamwagika ndani na kuchanganyika na mate ili DNA isiharibike njiani. Unatikisa, unatia kwenye bahasha, basi.

Wengi wetu tunadhani huko maabara wanasoma DNA yote. Hawasomi. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni tatu, na kipimo cha bei hii husoma vituo laki sita au saba vilivyochaguliwa. Ni sawa na kukisoma kitabu kinene kwa kuokota herufi moja kila baada ya kurasa mbili. Kwa asili ya ukoo inatosha, na kweli baada ya wiki tano nikaletewa ramani yenye pwani yetu, Arabuni kidogo na vipande vya bara. Nilifurahi kuiona, nikaifunga. Kuhusu baipola hamkuwa na neno hata moja. Wakati ule nililaumu. Leo naona walifanya haki. Hakuna kipimo cha DNA kinachotambua baipola, popote duniani. Daktari huitambua kwa dalili na kwa historia ya mtu. Kichupa nakipa nyota tatu kati ya tano, kwa sababu kimefanya kile kilichoandikwa kwenye kisanduku.

Kosa lilikuja baadaye. Kampuni ile inakuruhusu kupakua faili lako ghafi la DNA, na ziko tovuti ambazo ukizipelekea faili hilo, zinakuuzia ripoti ya ugonjwa unaoutaka. Nikalipa dola 39, nikapandisha faili, na dakika ishirini baadaye ikaja picha ya kipimo kama kile cha mafuta kwenye dashibodi ya gari. Mshale ulikuwa ndani ya rangi nyekundu. Chini yake namba 87 na maneno "hatari yako ni ya juu".

Nilikuwa zamu ya usiku. Mzee ninayemhudumia amelala, nyumba kimya, mimi jikoni kwake na simu mkononi. Nilielewa kwamba watu 87 kati ya 100 walio kama mimi huugua. Nilihesabu: kwa nini basi mimi sijaugua? Labda nimeugua na sijui? Ile wiki niliyosafisha nyumba mpaka alfajiri kabla ya Idi, ilikuwa ni nini? Nikamwona binti yangu kwa macho mengine, jinsi anavyoongea haraka akifurahi, jinsi anavyonuna. Siku tisa nilibeba namba ile bila kumwambia mume wangu. Ripoti haikusema popote kwamba 87 ni uwezekano wa kuugua, lakini haikufanya bidii yoyote kunizuia nisidhani hivyo, na mtu anayeuza namba nyekundu usiku wa manane ana wajibu huo.

Maana yake halisi ni hii. Wamejumlisha vituo vya DNA vinavyohusiana na baipola wakapata alama, wakapanga watu 100 foleni kuanzia alama ya chini kabisa, na mimi nimesimama nafasi ya 87. Ni nafasi ya foleni tu. Na foleni yenyewe ni ya nani? Jibu lilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo ya kijivu: alama imetokana na utafiti uliochapishwa 2021, wenye wagonjwa 41,917 na watu 371,549 wasio na ugonjwa, wote wa asili ya Ulaya. Utafiti huo ni mkubwa na wa kuheshimika. Ulipata sehemu 64 za DNA zinazohusiana na baipola. Waliofanya utafiti hawakuficha asili ya watu wao. Walioniuzia ndio walioiweka pale ambapo jicho halifiki.

Kwa nini asili ni muhimu hivyo? Nilieleweshwa baadaye, nami nitaeleza kwa lugha ya mtaani kwetu. Vituo vya DNA vinavyohesabiwa havimwonyeshi mkosaji mwenyewe, vinaonyesha jirani yake. Ukimwelekeza mgeni Majengo, unamwambia nyumba iko mkabala na duka la mkaa. Yeye analitafuta duka, halafu nyumba anaiona. DNA hurithiwa kwa vipande, na kila kizazi vipande hukatwakatwa zaidi. Watu wa asili ya Ulaya wametokana na kundi dogo lililotoka Afrika, kwa hiyo vipande vyao bado ni virefu na duka na nyumba bado vimekaa pamoja. Afrika ndiko binadamu alikoishi muda mrefu zaidi, vipande vimekatika vidogo, na tofauti kati ya mtu na mtu ni nyingi. Duka la mkaa lipo, lakini nyumba imeshahamia mtaa wa tatu. Mimi ni mtu wa pwani ya Kenya, nikapimwa kwa maelekezo ya mtaa mwingine. Na hata kwa mtu wa asili ya Ulaya, alama ya utafiti ule ilieleza chini ya asilimia 5 ya tofauti kati ya watu katika uelekeo wa kuugua.

Niliandika barua pepe kuomba pesa yangu. Siku ya tatu nikajibiwa kwamba ripoti ni "kwa ajili ya kujifunza" na kwamba pesa hairudi ripoti ikishafunguliwa. Nikaandika tena nikiomba kitu kimoja: maneno ya ukurasa wa mwisho yahamie ukurasa wa kwanza. Hilo hawakulijibu mpaka leo. Nyota moja, kwa kuwa mfumo hauruhusu sifuri.

Nilimweleza daktari wangu wa kawaida, naye akaniandikia barua ya kwenda kwa mshauri wa jeni katika hospitali ya hapa mjini. Nilisubiri wiki saba. Bima ililipa sehemu kubwa, mimi nikaongeza dola 60. Kikao kilikuwa kwa video, saa moja kamili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa watu wetu wengi hawajui kwamba kazi hii ipo.

Jambo la kwanza alilofanya mama yule ni kuiweka ripoti yangu kando. Aliisoma, akanishukuru kwa kuileta, akasema, "Hii haituambii kitu kukuhusu wewe. Historia ya ukoo wako itatuambia mengi zaidi." Akachukua kalamu akaanza kuchora: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari wa ndoa, mstari wa watoto. Vizazi vitatu. Aliuliza nani alilazwa, nani hakulala, nani alitapanya mali, nani alikunywa pombe kupita kiasi, nani alijinyamazia akafa kijana. Nusu ya maswali sikuwa na majibu. Akanipa ruhusa kumpigia mamangu palepale, kwa simu ya pili, Mombasa ikiwa jioni.

Nikamwambia, "Mama, wanasema ugonjwa wa kaka una jeni ndani yake."

Akanyamaza kidogo. "Jini," akasema. "Na mimi sikuwaambia?"

"Jeni, mama. Si jini. Ni kitu cha mwilini, mtu hurithi kama anavyorithi urefu."

"Kama ni cha kurithi," akasema polepole, "basi shangazi yenu alikuwa nacho."

Miaka 36 sikuwahi kusikia habari hii. Shangazi, dadake marehemu baba, kabla mimi sijazaliwa alikesha siku tano akiimba, akagawa dhahabu yake yote kwa majirani, akaondoka kwenda Lamu bila kuaga. Aliporudishwa alijifungia karibu mwaka mzima. Ilisemwa kwamba ana jini wa bahari, akapungwa siku saba, na familia ikakubaliana isizungumzwe tena ili wadogo zake waolewe. Mamangu aliyabeba haya tangu alipoingia nyumba ile akiwa biharusi. Aliyasema kwa dakika nne, kwa sababu mwanamke mgeni aliuliza kwa adabu. Mshauri akaujaza duara wa shangazi kwa wino.

Kisha akanipa namba zangu, na tazama tofauti ya namba inayoelezwa na namba inayorushwa. Kati ya watu 100 wa kawaida, mmoja au wawili hupata baipola maishani. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye nayo, ni kama 5 mpaka 10 kati ya 100. Aliigeuza palepale: "Maana yake 90 mpaka 95 hawapati." Akaongeza kwamba ugonjwa huu kwa wengi huanza miaka ya mwisho ya ujana na ishirini na kitu, kwa hiyo mimi mwenye 36 nimeshavuka sehemu kubwa ya daraja. Binti yangu ana mjomba mgonjwa, si mzazi. Hatari yake iko juu kidogo tu ya mtoto yeyote wa jirani. Hata mapacha wa kufanana, wenye DNA moja, akiugua mmoja, wa pili huugua katika jozi kati ya nne na saba kwa kila kumi. Wengine hawaugui kamwe. Nililia, mbele ya mtu.

Nilimuuliza kwa nini basi hawajaipata hiyo jeni, miaka yote hii. Akanisimulia habari ya Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania, watu wa dini wanaolima kwa farasi, wenye familia kubwa na kumbukumbu nzuri za ukoo. Wao wenyewe husema kuhusu ugonjwa huu, kwa lugha yao, kwamba uko kwenye damu. Mwaka 1987 mtafiti Janice Egeland na wenzake walitangaza kwamba wameufuata katika ukoo mmoja mpaka kwenye kromosomu ya 11, moja ya mafungu ambamo DNA yetu imefungwa. Dunia ikashangilia. Mwaka 1989, ndugu zaidi wa ukoo ule walipoingizwa kwenye hesabu, na wawili waliohesabiwa wazima walipougua, ushahidi ukayeyuka. Waliochapisha marekebisho, Egeland mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Hilo lilinigusa kuliko ugunduzi wowote. Mtu kurudi hadharani kusema tulichokiona hakipo, linahitaji moyo.

Baadaye wakaacha kutafuta mwizi mmoja. Mwaka 2008 zilijitokeza jeni mbili, ANK3 na CACNA1C. Ya pili hujenga mlango wa kupitishia kalisi (kalsiamu) kwenye seli za neva. Mwaka 2019 sehemu za DNA zinazohusiana na baipola zikawa 30, mwaka 2021 zikawa 64, na Januari 2025 zikatangazwa 298, kutokana na wagonjwa 158,036, safari hii wakiwemo watu wa Asia Mashariki, Wamarekani Weusi na Walatino, ingawa watu wa asili ya Ulaya bado ndio wengi mno. Kila sehemu huongeza punje. Hakuna jeni ya baipola. Ziko punje nyingi ambazo kila mmoja wetu, mgonjwa na mzima, anazo kiasi chake.

Hapo akatoa mfano wa mtungi. Unatokana na kazi ya mshauri wa jeni Jehannine Austin na wenzake wa Vancouver, Kanada, ambako mwaka 2012 ilifunguliwa kliniki ya kwanza duniani ya ushauri wa jeni kwa magonjwa ya akili. Kila mtu ana mtungi. Ndani mna gololi ulizozaliwa nazo, na hizo hazitoki. Maisha yanatia gololi nyingine: msiba, kukosa usingizi, bangi, kuhama nchi, kujifungua. Mtungi ukijaa mpaka mdomoni, ugonjwa hutokea. Lakini shingo ya mtungi unaweza kuirefusha kwa usingizi wa kutosha, dawa kwa anayezihitaji, watu wa kukaa nao na chakula cha wakati. Akaniuliza, "Kazi yako ni ya saa ngapi?" Nikasema usiku, siku nne kwa wiki, mwaka wa sita sasa. Akaandika. Akaeleza kwamba kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyojulikana sana kwa kuwasha vipindi vya kupanda kwa watu wenye uelekeo huu. Hakuniamuru kitu. Mwezi uliofuata niliomba zamu ya mchana, nikapoteza dola mbili kwa saa, na sijajuta.

Akanipa pia jambo ambalo hakuna tovuti iliyonitajia: nikipata mimba, nimwambie mkunga mapema kwamba kwetu kuna baipola, kwa sababu wiki za mwanzo baada ya kujifungua ni wakati wa hatari ya akili kuvurugika ghafla, na anayejua hujiandaa. Wakina mama wangapi Mombasa wamefungiwa chumbani baada ya kuzaa ikasemwa ni jini, wakati kulikuwa na dawa?

Kasoro zake zipo. Saa moja ni fupi, na dakika kumi na tano zilikwenda kwenye kutafsiri kwa mamangu, kwani mkalimani wa Kiswahili hakupatikana siku ile. Karatasi yao ya ukoo haikujua la kufanya na baba mwenye wake wawili. Watoto wa mama mdogo walibanwa pembeni kwa mshale, na hilo si jambo dogo, maana ndugu wa baba mmoja tu hushirikiana jeni nusu ya wale wa tumbo moja na hesabu yao ni tofauti. Na kusubiri wiki saba kwa mtu aliyebeba namba nyekundu ni kugumu. Hata hivyo nyota nne na nusu, na ningelipa dola 300 zangu bila bima.

Kuna mate mengine katika kisa hiki. Kakangu anaishi Mtwapa, na miaka kadhaa iliyopita aliingia katika utafiti wa NeuroGAP-Psychosis kule Kilifi. Ni utafiti wa Broad Institute na Harvard, za Marekani, pamoja na taasisi za Ethiopia, Kenya, Afrika Kusini na Uganda. Kwa Kenya ni kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust Kilifi na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Wanatafuta jeni za skizofrenia (ugonjwa mwingine wa akili) na baipola kwa Waafrika, kwa mate ya makumi ya maelfu ya watu, wagonjwa na wasio wagonjwa. Nilipomsimulia kakangu mambo yangu, akanieleza yake. Alisomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, kisha akaulizwa maswali kuona kama ameelewa: utafiti ni wa nini, je, anaweza kukataa, akikataa matibabu yake yataendelea? Ndipo akapewa kichupa. Mimi niliyelipa nilibonyeza "nakubali" mara moja, chini ya maandishi marefu ambayo sikuyasoma.

Na hakupewa alama yoyote. Majibu ya mtu mmoja mmoja hayarudishwi, na aliambiwa hivyo tangu mwanzo. Niliona ni dhuluma, nikamwambia. Yeye akasema, "Wangenipa namba ningeifanyia nini? Ugonjwa ninao tayari. Wakijua unavyofanya kazi, labda mtoto wa mtu atapata dawa isiyomtetemesha mikono." Kakangu anameza lithiamu, dawa ya baipola. Mikono inamtetemeka, ana kiu muda wote, na damu lazima ipimwe mara kwa mara kwa sababu dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana. Daktari John Cade wa Australia ndiye aliyeripoti faida yake mwaka 1949, na mpaka leo haijaeleweka sawasawa kwa nini inafanya kazi, wala kwa nini inamtuliza kakangu na kumwacha mgonjwa mwenzake vilevile. Mwaka 2022 watafiti waliosoma DNA za wagonjwa 13,933 walikuta kwamba makosa adimu katika jeni iitwayo AKAP11 huongeza hatari kwa nguvu kuliko punje za kawaida, na protini ya jeni hiyo hushikana na GSK3B, kimeng'enya kilekile ambacho lithiamu hukizuia. Mlango umepatikana karibu na dawa. Utafutaji huu nauthamini kwa ajili ya hilo, na naamini mate ya kakangu yana kazi kubwa kuliko yangu.

Neno kuhusu siri. Machi hiyohiyo niliyotema mate, 23andMe, kampuni ya kupima DNA yenye wateja zaidi ya milioni 15, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na watu wakakimbilia kufuta data zao. Si kampuni niliyotumia mimi, lakini nami nilikwenda kufuta. Ile ya kichupa ilichukua dakika tano na barua pepe ya kuthibitisha. Ile ya ripoti ilichukua siku thelathini na barua nne. Kwa walioko Marekani: sheria ya GINA ya 2008 inakataza bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa jeni zako, lakini haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu. Fikiria hilo kabla ya kutema, si baada yake. Na kumbuka DNA yako ni ya ndugu zako pia. Mimi sikumuuliza kakangu, naye alipaswa kuulizwa.

Kama unataka kujua asili ya ukoo, kichupa kinatosha. Ripoti ya hatari ya baipola usiinunue, hasa kama wewe ni mtu wa kwetu. Pesa hiyo iweke kwa mshauri, na kabla ya kikao piga simu nyumbani. Usiulize "nani alikuwa kichaa", watakukatia simu. Uliza nani alikuwa halali usiku, nani aligawa mali, nani alisafiri bila kuaga, nani alipungwa, nani alibadilika baada ya kujifungua, nani jina lake halitajwi. Uliza umri wao yalipoanza. Mwulize mzee wa kike kwanza, akiwa peke yake, baada ya chai.

Siku mbili baada ya kikao mamangu alinipigia mwenyewe. Alikuwa amekumbuka mtu mwingine, upande wa nyanya yetu mzaa baba. Nimemwandikia mshauri kuomba mchoro urekebishwe.